Kabla hujachomoa sitini: kuchagua weji na kupiga mipira mifupi kwenye viwanja vyetu vya Arusha na Moshi

Wadau wa gofu wa Arusha na Moshi, hii ni ya mipira mifupi, kuanzia mita 70 kuja mpaka pembeni kabisa ya grini (yale majani yaliyokatwa mafupi kabisa yenye shimo), maana hapo ndo skoo zetu zinapofia. Kaa Jumamosi asubuhi karibu na grini yoyote, Gymkhana, Kili Golf kule Usa River, Moshi Club, hata TPC kwenye mashamba ya miwa kule Moshi, utaona kitu kile kile: mtu kapiga draiva (fimbo ya kuanzia, ya mbali) safi, kapiga aironi (fimbo ya chuma yenye namba, namba ikikua mpira unapanda zaidi) safi, kabakiza hatua kumi na tano, bendera iko nyuma kabisa ya grini, hakuna bunka (shimo la mchanga) mbele, hakuna maji, na bado anachomoa weji (fimbo ya kupandisha mpira) ya nyuzi 60, ile tunayoiita sitini, kwasababu kaona kwenye TV. Ya kwanza inasogea nusu mita, ya pili inapita grini kama risasi inaingia majanini upande wa pili, na kedi, mbeba begi wake, anaangalia viatu vyake.

Mkono wake hauna shida. Shida ni kwamba kachagua fimbo kwa kuangalia bendera. Mpira mfupi unachaguliwa fimbo kwa kuangalia chini, yaani kwanza ardhi iliyopo chini ya mpira, pili sehemu ambayo mpira utatua, bendera ni ya tatu. Ukishika mpangilio huo tu hata bila kubadilisha swingi yako utaokoa mapigo kadhaa kwa raundi, na yaliyobaki humu chini ni maelezo ya namna ya kuufuata.

Begi kwanza

Toa weji zako zote uziangalie chini. Nyingi za kisasa zimeandikwa namba, mfano 52.08 au 56.10, namba ya kwanza ni lofti kwa nyuzi, yaani uso wa fimbo umelala kiasi gani, na ya pili ni baunsi, hiyo ya pili ndo watu hawaiangalii na ntaifikia. Zile za zamani zina herufi tu, P au PW ni pichi weji, A au G ni gepu weji, S ni sendi weji, L ni lobu weji. Pichi weji ya seti ya zamani inakuwa nyuzi 47 au 48, ila seti za siku hizi wanazikaza lofti ili uone umepiga mbali, pichi weji inaweza kuwa nyuzi 43 au 44, na hapo ndo mtu anajikuta ana pichi ya 44 halafu sendi weji ya 56, katikati kuna pengo la nyuzi 12 na hajui kwanini kila akibakiza mita 85 anateseka. Tafuta lofti ya pichi weji yako kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza seti, alafu panga zinazofuata zipishane nyuzi nne mpaka sita. Mwenye pichi ya 44 aweke 50 na 56, au 48, 52, 56 kama ana nafasi. Mwenye pichi ya 46 aweke 51 au 52 halafu 56. Kumbuka sheria inaruhusu fimbo 14 tu kwenye begi kwahiyo weji ya nne inakula nafasi ya kitu kingine, mi ningetoa aironi 3 ambayo hata hivyo hupigi.

Je 60 unaihitaji? Kwa mtu wa handikapu (mapigo ya nafuu anayopewa mchezaji) 18 kwenda juu jibu langu ni hapana, au basi ije ya mwisho kabisa. Kama una hela ya weji moja tu chukua 56 yenye baunsi 10 mpaka 12, hiyo inafanya kazi bunka, inafanya kazi kwenye majani, na inachipu.

Wengi wetu tunanunua zilizotumika, za mgeni aliyemaliza mkataba akaondoka, za mtu aliyetoka Nairobi, za mjomba aliyeko nje. Hamna shida, ila weji inachakaa haraka kuliko fimbo zingine kwasababu ya mchanga. Pitisha ukucha kwenye ile mistari ya usoni, kutoka juu kwenda chini: ukucha ukikwama kila mstari, bado ina maisha, ukiteleza kama kwenye kioo basi unanunua chuma tu, kwenye majani yenye umande asubuhi mpira utapanda juu ya uso wa fimbo na kutoka bila spini ya kuusimamisha. Angalia pia kama kuna sehemu inang'aa upande wa kisigino (karibu na mti wa fimbo) kuliko ncha, maana yake mwenye nayo alikuwa anapiga kisigino kinagusa kwanza, inawezekana fimbo imesimama sana kwako pia. Na kama bei ni nzuri mno kupita kiasi, hakikisha sio ya mkono wa kushoto, usicheke, watu wamelipa.

Baunsi

Chukua sendi weji yako isimamishe kwenye sakafu ya simenti, shafti (mti wa fimbo) iwe wima usiisukume mbele wala nyuma. Chungulia kwa pembeni. Utaona makali ya mbele ya uso hayagusi sakafu, yamenyanyuka kidogo, kinachogusa ni tumbo la fimbo pale nyuma. Huo mnyanyuko ndo baunsi, na kazi yake ni kuzuia fimbo isichimbe, tumbo likigusa ardhi linateleza badala ya makali kuzama. Nyuzi 4 mpaka 6 ni baunsi ndogo, 7 mpaka 10 ya kati, 11 kwenda juu ni kubwa. Sasa fanya kitu kimoja, sukuma mikono mbele kuelekea unakopiga, utaona makali yanashuka mpaka chini, baunsi imekufa. Kisha rudisha mikono katikati na ufungue uso wa fimbo uangalie kulia kidogo kama unapiga kwa mkono wa kulia, makali yananyanyuka zaidi. Hizo ndo gia zako, fimbo ile ile inaweza kuwa ya kuchimba au ya kuteleza kutegemea umeiwekaje, na mtu anayelala na mikono mbele kwenye kila mpira anajishangaa kwanini anachimba viazi kila siku.

Hapa kwetu hili ni kubwa kuliko wanavyolielezea kwenye video za Ulaya, kwasababu ardhi yetu inabadilika mno kwa mwaka. Masika, Machi mpaka Mei, udongo wetu huu wa volkano unakuwa laini kama uji na hata vuli ya Novemba na Desemba ikija vizuri ni hivyo hivyo, hapo unataka baunsi, 10, 12, hata 14, na unataka mikono isiende mbele sana. Ikifika Januari na Februari, au Agosti na Septemba, sehemu zisizofikiwa na maji zinakauka mpaka unaona vumbi na ardhi tupu, mpira umekaa juu ya kitu kigumu kama barabara, ukileta baunsi kubwa tumbo linagonga chini, linadunda, makali yanakuja katikati ya mpira na huo ndo mpira unaovuka grini kama risasi. Kwenye ardhi kavu hivyo leta fimbo yenye baunsi ndogo, ambayo kwa wengi wetu ni pichi weji au aironi 9, sio sendi weji, na usifungue uso hata kidogo.

Ndo maana kedi mzuri ni hazina. Umefika kwenye mpira wako, umesimama umeduwaa na sitini mkononi, yeye kashakanyaga pembeni ya mpira kwa kiatu akasikia.

"Bosi, hapa chini ni kavu. Hiyo itadunda."
"Sasa nipige na nini kaka?"
"Shika tisa. Tua hapo kwenye kiraka cha kijani, itakimbia yenyewe."

Sikiliza. Huyo kaona mipira mingi kwenye kiraka hicho hicho kuliko wewe.

Chipu: chagua pa kutua halafu upige hesabu

Chipu ni mpira unaoruka kidogo na kubingirika sana. Unataka mpira utue kwenye grini, hatua moja ndani ya ukingo, kwasababu grini imekatwa sawasawa na unaweza kukisia itafanya nini, huku nje kwenye majani huwezi kukisia. Kwahiyo sehemu ya kutua haibadiliki sana, kinachobadilika ni fimbo.

Kuna kanuni ya kumi na mbili, ya zamani, inafanya kazi kwenye grini iliyo tambarare na yenye kasi ya kawaida. Pima kwa hatua kutoka mpira mpaka unapotaka utue, alafu kutoka hapo mpaka shimo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Jibu litoe kwenye 12, unachopata ndo aironi yako, ambapo 10 ni pichi weji na 11 ni gepu weji. Mfano mpira uko hatua tatu nje ya grini na shimo liko hatua 13 ndani. Unatua hatua moja ndani, kwahiyo mpira unaruka hatua nne na unabingirika 12. Kumi na mbili gawa kwa nne ni tatu, 12 toa 3 ni 9, shika aironi 9. Mfano mwingine, uko hatua tano nje na shimo liko saba ndani: unaruka sita, unabingirika sita, jibu ni moja, 12 toa 1 ni 11, hiyo ni gepu weji. Mtu asiyekuwa na gepu weji atumie pichi na atue nusu hatua mapema. Umeona hamna mahali sitini imetokea.

Kisha rekebisha. Grini inapanda, shuka fimbo moja, yaani kama hesabu ilisema 9 piga 8. Inashuka, panda moja. Imenyesha usiku na grini inavuta, au mashine ya kukata haijapita siku mbili tatu, shuka moja pia. Ukipita hapo unaanza kuwa profesa bure.

Namna ya kupiga: simama karibu na mpira, miguu iwe karibu karibu, shika fimbo chini kidogo kwenye gripu mpaka kidole kimoja kinakaribia chuma, uzito zaidi ya nusu uwe mguu wa mbele na UBAKI huko, hili la kubaki ndo wanasahau. Mpira katikati ya miguu au nyuma kidogo ya katikati, mikono mbele ya mpira kidogo tu, kiasi cha shafti kuinama kidogo. Halafu swingi ni ya kuputi, yaani kama unabingirisha mpira kwenye grini, mabega yanazunguka, vifundo vya mikono vimetulia. Usijaribu kuupandisha mpira, aironi 9 ina lofti ya kutosha kuunyanyua yenyewe, kazi yako ni kuyapangusa majani pale ulipo mpira na kuendelea mbele. Yule anayetaka kuusaidia mpira upande anaegemea nyuma, fimbo inagusa chini kabla ya mpira au inapita juu ya mpira.

Ukiwa unakwangua kichwa cha mpira kila mara, weka taulo lililokunjwa upana wa kiganja kimoja nyuma ya mpira upige bila kuligusa. Kama uzito umekaa mbele hugusi, kama unaegemea nyuma unaligonga kila mara, taulo halidanganyi.

Swali ambalo huwa linakuja hapa: kwanini nisitumie weji moja tu nikaizoea? Kuna wachezaji wakali wanafanya hivyo, wanachipu kila kitu na 56 au 58 na wanabadilisha mikono, ila hao wanapiga mipira mia kwa siku. Sisi tunaocheza wikiendi ni rahisi zaidi kuwa na swingi moja na fimbo nne kuliko fimbo moja na swingi nne.

Halafu, kama mpira uko nje kidogo tu ya grini na majani ni mafupi, tumia putta, fimbo ya kuputi. Hakuna anayeandika kwenye kadi ya skoo kwamba ulitumia putta.

Nyasi ya kikuyu, na hii ni yetu

Maeneo ya baridi ya kwetu yana hii nyasi nene ya kijani, inayotambaa na kusuka godoro. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na imesambaa mpaka California, uwanja wa Riviera kule Los Angeles unajulikana kwa nyasi hiyo na maprofesheno wanailalamikia kila mwaka. Kwahiyo ukiteseka nayo hauko peke yako.

Kikuyu inafanya vitu viwili. Kwanza inaua mpira unaotua juu yake, yaani ile ya kugonga chini ikimbie mpaka grini haifanyi kazi, mpira unatua hatua mbili nje ya grini unasimama hapo hapo kama umebandikwa. Kwahiyo kama mbele ya grini kuna kikuyu, hesabu ya kumi na mbili inabaki pale pale ila lazima utue ndani, hata kama ni nusu hatua, ukiwa na wasiwasi panda fimbo moja utue ndani zaidi. Pili inashika kichwa cha fimbo. Majani yanazunguka shingo ya fimbo, uso unafungwa, mpira unakwenda kushoto na chini. Dawa yake ni kushika kwa nguvu zaidi kidogo na vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, kufungua uso kidogo kabla, na kuja kwa mwinuko zaidi, yaani fimbo inapanda haraka wakati wa kurudi nyuma ili ishuke kwenye mpira badala ya kupita kwenye majani mengi njiani. Usiilaze fimbo kwenye majani kabla hujapiga, iache ininginie juu kidogo, ukiilaza mpira unaweza kusogea na fimbo ikianza kurudi nyuma inakwama. Na hapa ndo baunsi ya kati inaposaidia tena, makali makali yanazama kwenye lile godoro.

Ukikuta mpira umekaa juu ya godoro kabisa, umebebwa na majani, kuwa makini kuliko ukiwa umezama, maana fimbo inaweza kupita chini yake yote na mpira ukashuka pale pale ulipokuwa. Hapo swingi iwe ya kupangusa, sio ya kushuka.

Pichi, mita 20 mpaka 70

Pichi ni mpira unaoruka zaidi kuliko kubingirika, na hii ndo sehemu ambayo watu hawana namba. Muulize mtu anapiga aironi 7 mita ngapi, atakujibu fasta na ataongeza kumi. Muulize sendi weji nusu swingi inaenda wapi, kimya.

Namba zinatengenezwa hivi. Una weji tatu, mfano pichi, 50 na 56. Kila moja unapiga swingi za aina tatu kwa kuangalia mkono wa kushoto unaporudi nyuma, ukiufikiria kama mshale wa saa: ya kwanza mkono unafika kiunoni, ya pili unafika kifuani ukiwa sambamba na ardhi, ya tatu unafika begani. Mwendo ni ule ule kwenye zote, huongezi nguvu, unaongeza urefu tu. Tatu mara tatu unapata umbali wa aina tisa. Nenda mazoezini siku ambayo hakuna watu, weka ndoo au tandika kanga ya zamani kila mita kumi, piga kumi kumi na uhesabu pale mpira UNAPOTUA sio unapoishia. Toa zile mbovu, chukua katikati ya zilizobaki, andika. Mchezaji wa kawaida anaweza kupata kitu kama 56 kwa mita 30, 45 na 65, 50 kwa mita 38, 55 na 78, pichi kwa 45, 65 na 90, ila hizo ni mfano, usizichukue zangu, andika zako. Bandika plasta nyeupe kwenye shafti chini ya gripu, andika kwa peni ya wino wa kudumu.

Kwa mtu anayetoka Tanga au Dar, hapa mpira unaenda mbali zaidi, hewa ni nyepesi, Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi kama 900 hivi. Kwa swingi kamili pale Arusha ni kama asilimia tano, kwahiyo weji ya mita 90 inakuwa 94. Kwa nusu swingi ya mita 35 sahau, ni mita moja na nusu, upepo na grini vitakuharibia zaidi ya hapo.

Kwenye kupiga pichi tofauti na chipu ni kwamba mwili unazunguka. Miguu ni finyu kuliko swingi kamili lakini sio imebanana, mpira katikati, uzito mbele kidogo, vifundo vinaruhusiwa kukunja kawaida. Kosa moja linaloua pichi kuliko mengine yote ni kurudi nyuma mbali alafu kuogopa ukafunga breki ukifika kwenye mpira. Dawa sio kujiambia usiogope, dawa ni kufupisha ule mwendo wa kurudi nyuma ili ubaki na nafasi ya kwenda mbele. Kifua kiendelee kuzunguka mpaka kiangalie unapopiga, kifua kikisimama mikono inapinduka yenyewe na hapo unapata mpira wa kushoto au ule wa chini unaotambaa. Piga mbili za mazoezi ukiangalia sehemu ya kutua sio mpira, sikiliza fimbo inagusa wapi ardhi, kama inagusa sehemu moja mara zote mbili nenda kapige usikae hapo kuomba.

Mpira ukiwa kwenye mteremko unaopanda mbele yako, mteremko wenyewe unaongeza lofti, utapanda sana na kufupika, kwahiyo chukua fimbo ndefu moja. Ukishuka ni kinyume chake, utatoka chini na kukimbia, chukua lofti kubwa na kubali kwamba hautasimama. Mabega yafuate mteremko kwenye zote mbili.

Bunka

Fupi tu. Sendi weji ya kisasa inatajwa kwa Mmarekani Gene Sarazen, aliongeza chuma chini ya fimbo ili tumbo liteleze kwenye mchanga badala ya makali kuzama, na mwaka 1932 akashinda mashindano ya British Open akiwa nayo. Kwahiyo fimbo ilitengenezwa iteleze, iache iteleze: fungua uso KABLA hujashika gripu, simama miguu imepanuka na imezama kidogo, mpira upande wa mguu wa mbele, gonga mchanga sentimita tano nyuma ya mpira na usisimame, maliza swingi. Mchanga ndo unautoa mpira. Swingi iwe kubwa mara mbili ya ile ambayo ungepiga umbali huo kwenye majani, wanaobaki bunka wengi wanaogopa tu hapo.

Mvua ikinyesha mchanga wetu unakaza, mwingine unakuwa kama sakafu. Hapo usifungue uso, tumia 52 au hata pichi, maana baunsi itadunda. Kabla hujaingia kanyaga ukingoni usikie.

Sheria zilibadilika 2019, unaruhusiwa kuondoa jani, kijiti au jiwe lililolegea ndani ya bunka, ila usipime mchanga kwa fimbo, usiuguse nyuma wala mbele ya mpira, wala kwenye swingi ya mazoezi. Mwaka huo huo pia waliruhusu kuputi kutoka juu ya grini bendera ikiwa ndani, kuchipu ilikuwa ruhusa tangu zamani, na kwa chipu ya kushuka mi naiacha ikae.

Flopu

Haya, sitini sasa. Flopu ni mpira wa kupanda juu sana na kutua taratibu. Inatumika kama kuna bunka au mtaro kati yako na bendera, bendera iko karibu na ukingo wa upande wako, NA mpira umekaa vizuri juu ya majani. Yote matatu yawepo. Likikosekana moja, hasa hilo la tatu, piga pichi ya kawaida utue katikati ya grini uputi mbili uende zako. Profesheno wa Kimarekani Phil Mickelson anaupiga kwenye ardhi ngumu na watu wanapiga makofi, sawa, naye ameukosa mara kibao mbele ya kamera. Ukiupiga: uso wazi sana, mpira mbele, mikono isitangulie kabisa, swingi ndefu na usipunguze.

Mazoezi ambayo hayachoshi

Kumwaga ndoo ya mipira na kupiga yote sehemu moja ni kujidanganya, ya thelathini ukiwa umeshazoea inaenda vizuri, uwanjani unapata moja. Chukua mpira mmoja, weji, aironi 9 na putta, zunguka grini ya mazoezi sehemu tisa tofauti, kavu, majani marefu, mteremko, kila sehemu piga hesabu ya kutua kwa sauti, chipu, alafu uputi mpaka uingie. Kila sehemu ni mbili ukifanya vizuri, jumla 18. Mchezaji wa handikapu 20 akipata 26 hivi yuko sawa, akishuka 23 aanze kututoza soda. Mkiwa wawili ni bora zaidi, mwenzako achague sehemu mbaya, wewe uchague fimbo, alafu mbadilishane.

Na siku ya kucheza ukiacha begi kwenye njia, usiende kwenye mpira na fimbo moja. Beba mbili tatu na putta, ndo uamue ukiwa umesimama pale pale umeona chini, la sivyo utapiga na uliyoshika kwa uvivu wa kurudi. Zile ambazo hutumii zilaze upande wa grini unaotokea kwenda shimo linalofuata, juu ya bendera kama imetolewa, usizitupe nyuma ulikotoka.